Mwezi au ziwa: riwaya ya puto ilivyopandishwa jukwaani Mwanza

Mfadhili alitaka riwaya maarufu ya safari na hatari, ichezwe kwa Kiswahili, tena nje, kando ya ziwa, wavuvi na watoto wa shule waione bila kiingilio. Riwaya gani, hakujali. Kikundi kilichopewa kazi ni cha vijana na wazee wachache wa Ilemela, waliozoea kuigiza michezo mifupi ya kampeni za afya mchana na kupiga ngoma kwenye harusi jioni. Mimi niliitwa kusaidia upande wa mswada. Ninakiandika kisa hiki kwa ajili ya vikundi vingine vitakavyopewa kazi ya namna hii, kwa sababu uamuzi uliotukalia kooni haukuwa ule tuliokuwa tukiuogopa.

Kitabu cha kwanza kutajwa kilikuwa Mashimo ya Mfalme Sulemani. Wazee walikikumbuka tangu shuleni, katika tafsiri ya Frederick Johnson ya mwaka 1929, nacho kina pango, hazina na vita. Mtu atake nini tena? Kilichokishinda ni kitabu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amekisoma: riwaya ya Jules Verne iliyotoka Paris mwishoni mwa Januari 1863, inayohusu majuma matano ndani ya puto. Dakta Samuel Fergusson, rafiki yake mwindaji Dick Kennedy na mtumishi wao Joe wanapaa kutoka kisiwa kidogo karibu na Unguja tarehe 18 Aprili 1862. Wanapita Kazeh, ndiyo maeneo ya Tabora ya leo, wanakatiza Karagwe, wanalala kwenye kisiwa ndani ya ziwa letu hili, Victoria, ambalo Verne analiita Ukéréoué, wanauona mto Nile ukitoka ziwani, kisha upepo unawasukuma magharibi hadi Ziwa Chad, Timbuktu na mto Senegal. Aliyekuwa akisimulia muhtasari huo alipofika Ukerewe, mjadala uliishia hapo.

Verne hakuwahi kufika huku. Alisoma taarifa za wasafiri, za Burton na Speke zikiwemo, akazichanganya na mawazo yake. Speke alifika ncha ya kusini ya ziwa, hapa Mwanza, tarehe 3 Agosti 1858, Burton akiwa amebaki Kazeh anaugua, na wawili hao wakaja kugombana vibaya kuhusu kama maji haya ndiyo chimbuko la Nile. Julai 1862 Speke aliuona mto ukitoka ziwani pale Jinja, lakini habari hizo zilikuwa hazijafika Ulaya kitabu cha Verne kilipoingia madukani. Puto la kubuni lilitangulia kulijibu swali la jiografia. Kwa mwalimu wa jiografia hilo ni tamu kweli. Kwa mwandishi wa mchezo halina faida, na tulichelewa kulikubali.

Hakimiliki haikusumbua. Verne alifariki mwaka 1905, na sheria yetu ya 1999 inailinda kazi kwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Tahadhari ni moja: tafsiri mpya ina mwenyewe. Tulitumia tafsiri ya Kiingereza ya karne ya 19, na mwalimu mmoja wa Kifaransa akatulinganishia na maandishi ya asili zile sura tulizozihitaji.

Mswada wa kwanza ulikifuata kitabu. Kapu katikati, watu watatu ndani, sura 44 zimebanwa kuwa matukio kumi na kitu. Tulipousoma kwa sauti, kila ukurasa kulikuwa na mtu ananyosha kidole: tazameni kule, viboko, tazameni kule, kijiji kinaungua. Mambo yote yalikuwa yakitokea mahali ambapo mtazamaji hapaoni. Kitabuni hilo si tatizo, kwa kuwa msomaji naye kapanda. Ni abiria wa nne. Mtazamaji wa mchezo amekaa chini kwenye mkeka, na maneno matupu hayampandishi.

Halafu wahusika wenyewe hawabadiliki. Fergusson ana jibu la kila kitu tangu mwanzo. Kennedy analalamika na kupiga risasi, Joe anachekesha. Wakifika Senegal ni walewale waliopaa Unguja. Mpinzani hayupo, kuna upepo, nao haujibu mtu. Na kila mahali panatumika mara moja tu: mtu mwenye sura na sauti anajitokeza, puto linapaa, basi, hatumwoni tena.

Verne mwenyewe aliijua shida hii. Mwaka 1874 yeye na Adolphe d'Ennery waliipeleka jukwaani riwaya yake ya kuzunguka dunia kwa siku 80, katika ukumbi wa Porte Saint-Martin, Paris, na hawakuogopa kuongeza wahusika ambao hawamo kitabuni, tena wakajaza jukwaa vituko vya gharama kubwa. Niliutaja mfano huo mara nyingi baadaye, kila mfadhili aliposema "lakini hili halimo kwenye kitabu". Fedha za kujaza jukwaa hatukuwa nazo. Ruhusa ya kuongeza tulikuwa nayo.

Mlango ulikuwa kwenye sura ya 15. Puto linatokea juu ya soko la Kazeh. Verne alijua kwamba Wazungu wa wakati wake waliiita Unyamwezi Nchi ya Mwezi, na mchezo wote wa sura hiyo ameutoa hapo: umati unadhani puto ni mwezi umeshuka, na wale watatu ni watoto wake. Waganga wanampeleka Fergusson kwa mtawala, ambaye pombe imemfikisha mlangoni mwa kaburi. Dakta anamdondoshea dawa, mgonjwa anafumbua macho, shangwe. Nje, Joe anawaonyesha watu jinsi wanavyocheza ngoma huko mwezini. Ndipo mwezi wa kweli unapochomoza. Miezi miwili! Watoto wa mwezi wanatimua mbio, puto linang'oka, na mganga mmoja aliyekuwa ameishika nanga anajikuta amepakatwa nayo na kubebwa angani. Baada ya muda wanamshusha karibu na ardhi, anaruka, anakimbia kurudi Kazeh. Puto, likiwa limepungukiwa mzigo, linapaa zaidi, na Verne hamtaji tena.

Mwongozaji ndiye aliyeuliza: huyu akifika kwao anasema nini?

Swali hilo lilizaa mchezo. Mganga anarudi sokoni na habari ambayo hakuna atakayeiamini, baada ya kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia watu kwamba wageni ni watoto wa mwezi. Ana cha kupoteza, ana wapinzani, na ameona kitu ambacho hakuna mtu wa Kazeh aliyekiona: nchi yake kutoka juu. Safari ya puto ikabaki, lakini sasa inasikika kwa wanaopitiwa. Jangwa, Chad na Timbuktu vikakatwa bila majuto. Sehemu ya Unguja ikafanywa ngoma fupi ya kufungulia, kwa sababu mwigizaji mmoja aliyekulia huko alicheka aliposikia kwamba, kwa mujibu wa Verne, watu wa kisiwani mwaka 1862 walikuwa wakiabudu jua na mwezi. Mji wa Sayyid Majid, wenye misikiti kila mtaa!

Soko la Kazeh nalo lilihitaji kurekebishwa. Kihistoria palikuwa kituo kikubwa cha misafara. Wafanyabiashara Waarabu walikuwa na nyumba zao hapo, na Burton na Speke walikaa humo mwaka 1857 na tena 1858. Watu wa soko kama hilo si watu wa kushangaa buti. Tukamweka mwanamke anayeuza chumvi, na kwangu mimi ndiye mhusika bora wa mchezo mzima:

"Watoto wa mwezi? Tangu lini mwezi ukazaa watoto wenye buti?"

"Nyamaza, mama. Wamekuja kumponya mtemi."

"Wale wawili wa miaka ile nao walikuja na masanduku ya dawa. Mmoja alibebwa kwa machela kama maiti. Dawa walikuwa wakimpa nani?"

Mahali pa kuchezea palipatikana Igombe, nyuma kidogo ya mwalo wa wavuvi, penye jabali kubwa kama yalivyo mengi ya Mwanza. Jabali lilimaliza suala la kupaa. Wasafiri walikuwa juu yake, Kazeh ilikuwa chini, na puto lilikuwa tanga kuukuu la mtumbwi lililoshonwa upya na fundi wa matanga na kusimikwa kwenye miti mirefu. Kijana mmoja alitaka kuwasha moto wa kweli chini ya tanga ili lionekane linafanya kazi kama la Fergusson, ambaye kitabuni hupasha moto haidrojeni ili apande na kushuka bila kupoteza gesi. Alikatazwa. Mtambo huo ni mzuri kwenye karatasi. Haidrojeni na moto wa karibu ni ndoa ya kumaliza ukoo.

Kwa mganga anayebebwa na nanga tulijadili kapi na mkanda wa kumfunga mwigizaji, tukaachana nao kwa usalama. Badala yake kilipanda kinyago. Hapa hatukubuni jambo. Bagika na Bagalu, vyama viwili vikongwe vya ngoma vya Wasukuma, hushindana kwa kucheza wakati mmoja, na kundi linalovuta watu wengi ndilo mshindi. Nenda Bujora, Kisesa, msimu wa tamasha la Bulabo mwezi Juni, utaona. Mtazamaji hajafungwa kwenye kiti, akichoka anahama, na ndiyo maana wachezaji wanakuja na nyoka, vinyago na kila kituko kinachoweza kumrudisha. Watazamaji wa Igombe walikielewa kinyago angani bila maelezo. Tukaenda mbali zaidi: tukio la Joe kucheza ngoma ya mwezini likawa mashindano, Joe upande mmoja wa jabali, wapiga ngoma wa mganga upande wa pili, watu wanahama wapendavyo.

Mpaka hapo kila mtu alikuwa na furaha. Ugomvi ulianzia kwenye mwezi.

Aliyeleta wazo si mwongozaji wala mimi. Ni mpiga ngoma mmoja ambaye pia anavua dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Zamani karabai, siku hizi wengi wana taa za sola. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu, wavuvi wanapumzika. Alisema: mkiweka onyesho usiku wa giza, mwalo mzima uko majini na mtacheza mbele ya watoto na mbuzi. Wekeni wakati wa mwezi mpevu, wanaume wapo. Akaongeza, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba usiku unaofuata ule wa mwezi mpevu mwezi huchomoza giza likishaingia, kwa hiyo tusihangaike kutengeneza mwezi wa bati.

Hapo hesabu ikawa rahisi. Hapa kwetu, karibu sana na ikweta, jua huzama karibu saa 1 usiku mwaka mzima, tofauti ni dakika tu. Mwezi mpevu huchomoza karibu na machweo, kukiwa bado na mwanga, na hauonekani kitu. Kesho yake huchelewa kwa takriban dakika 50. Mchezo ukianza saa 12 na nusu jioni, mwezi unaingia jukwaani kuelekea saa 2, pale hasa uongo wa Kazeh unapotakiwa kuumbuka. Tukachagua kiangazi, mawingu yanapokuwa machache.

Tatizo ni kwamba mwezi huchomoza mashariki, na ziwa la Igombe liko magharibi na kaskazini. Ili watu waone mwezi ukipanda nyuma ya jabali, lazima walipe ziwa mgongo. Mfadhili alikuwa ameshachora bango: puto juu ya maji, jua linazama. Alikuwa na hoja, tusimdharau. Kitabu kinahusu safari ya kutafuta chimbuko la Nile, na hii ndiyo pwani ambayo Speke aliifikia. Kuna kikundi gani kingine duniani kinachoweza kuicheza riwaya hii ziwa lenyewe likiwa nyuma ya waigizaji? Nusu ya kikundi ilimuunga mkono, pamoja na Fergusson wetu, ambaye hotuba yake nzuri kuliko zote ilikuwa ya ziwani.

Mimi nilikuwa upande wa mwezi, na bado nipo. Ukiwageuza watazamaji watazame maji, macho yao umeyaweka kwenye kapu. Ziwa ni ushindi wa Fergusson. Ni jibu la swali lililoulizwa London. Mtu wa Igombe hana swali hilo, maji anayaona kila asubuhi anapokwenda kununua samaki. Mwezi ni wa waliobaki chini. Mswada ulikuwa umeshahamisha simulizi kutoka angani kwenda sokoni, na kuwaelekeza watu ziwani kungeirudisha juu kwa mlango wa uani, eti kwa sababu mandhari ni nzuri. Mwongozaji aliamua: mwezi. Hotuba ya ziwani ilikatwa ikabaki sentensi chache, na Fergusson wetu hakunisalimia kwa siku kadhaa.

Faida moja hatukuitarajia. Mazoezi yetu yalikuwa ya alasiri, na mchana upepo wa huku hutoka ziwani kuelekea nchi kavu, kwa hiyo uliwapiga waigizaji usoni na kuwarudishia sauti zao. Tuliogopa sana. Usiku, nchi inapopoa, upepo hutulia na kisha kugeuka, na wakati wa mchezo maneno yalisafiri kuelekea kwa watu. Tungelitazama ziwa, ingekuwa kinyume.

Usiku wa kwanza mwezi haukuja. Kalenda husema mwezi unachomoza saa ngapi kwenye upeo ulio wazi. Mashariki ya pale kuna mwinuko wa mawe na miti, na kila nyuzi moja ya kimo huongeza kama dakika nne. Joe akamaliza ngoma yake. Hakuna mwezi. Akaanza upya. Wapiga ngoma wa mganga wakamjibu, watu wakavuka kwenda kwao, Joe akawavuta tena kwa kucheza kwa mikono. Muuza chumvi akatoka kwenye mswada kabisa, akaanza kuwauliza watazamaji chumvi yake wanainunua kwa bei gani. Mzee mmoja akabishana naye bei kwa dhati, kwa Kisukuma, na akapigiwa makofi kuliko mwigizaji yeyote. Mganga alikuwa anatoka jasho la kweli, kwa sababu maneno yake yaliyofuata yalihitaji mwezi. Kisha mtoto mmoja nyuma akapiga kelele, "Huo!" Vichwa vyote vikageuka. Ulikuwa mwekundu, umekaa juu ya miti, na kando yake tanga letu lilionekana jinsi lilivyo, kitambaa chenye viraka. Umati wa kuigiza na umati wa kweli wakacheka pamoja, na wasafiri wakakimbia bila kuhitaji neno hata moja kati ya yale niliyowaandikia.

Usiku wa pili hesabu ilitulazimisha kupindua mpangilio, maana mwezi ungechelewa tena dakika kama 50 na watoto wa shule wasingekaa hadi hapo bila kitu cha maana cha kutazama. Kwa hiyo tulianza na mganga anayerudi, amechanika nguo, anashitakiwa sokoni kwa uongo. Ushahidi wake wote ukatangulia. Baadaye ndipo tukaonyesha puto lilivyokuja, na mwezi ukafunga. Naona mpangilio huo ni bora. Usiku wa kwanza watu walimwamini mganga, kwa kuwa walikuwa wameona kinyago kikipaa. Usiku wa pili walikuwa na shaka naye kwa nusu ya mchezo, kama watu wa Kazeh wenyewe.

Jambo moja sikukubaliana na kikundi. Sura ya 14 ina sehemu chafu: Kennedy na Joe wanadhani puto limevamiwa na watu weusi, kumbe ni nyani, na wanafanya mzaha kwamba tofauti si kubwa. Vijana walisema ikatwe, hawataki kuitamka mbele ya wadogo zao, na ikakatwa. Ninaelewa. Lakini mchezo mzima ulikuwa unahusu nani anamtazama nani na kutoka wapi, na hapo Verne mwenyewe anaonyesha wazi kile ambacho darubini ya kapuni haiwezi kukiona. Tulivyoiondoa, wasafiri wetu wakawa watu wema kuliko walivyoandikwa, na muuza chumvi akakosa kitu cha kuwajibu. Ningempa mganga aisikie akiwa ananing'inia kwenye nanga, airudishe sokoni pamoja na habari nyingine. Yeye peke yake alikuwa karibu vya kutosha kusikia wanachosema.

Mfadhili aliridhika na watu aliowaona, hakuridhika na bango lake. Sasa anataka onyesho mjini, ndani ya ukumbi. Mwezi hautakuwepo. Mpiga ngoma wetu amejitolea taa yake ya dagaa. Mwongozaji anataka ivutwe kwa kamba na mtu aliyejificha, kwa dakika iliyopangwa. Mpiga ngoma anataka aivute yeye, mbele ya watu wote, wakati atakaoona unafaa, bila kuwaambia waigizaji. Nimeuandika mswada kwa njia yake: tukio la soko halina mwisho ulioandikwa, lina kurasa mbili za maneno ya kujazia, na alama mahali wasafiri wanapotakiwa kukimbilia taa ikitokea.